Nikitumia namba ya Kenya nikiwa Mwanza, nimevunja sheria?

Wasomaji wetu habari zenu. Toleo hili nimeamua safu nzima iende kwenye jambo moja, maana maswali mliyotuma mengi yanazunguka palepale: namba za simu za nchi nyingine ambazo mtu anazitumia akiwa hapahapa Mwanza, au Ukerewe, au Musoma, anapiga na kupokea kwa intaneti. Wengine mmeambiwa ni kosa kubwa mpaka mnaogopa kuwasha simu, wengine mmeambiwa hakuna shida yoyote ile, na hawa wa pili ndo wananitia wasiwasi zaidi.

Niweke wazi mwanzoni ili msome mkiwa mmetulia. Kupiga simu kwa intaneti siyo kosa Tanzania. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ile wanayoiita EPOCA, inamtaka leseni mtu anayewauzia au kuwapitishia wengine mawasiliano, wewe unayetumia tu huombi leseni kwa mtu. Kwaiyo mi nikisoma swali la namba ya nje huwa naangalia vitu viwili. Cha kwanza, ile simu inaingia nchini kwa njia gani, inapita kwa kampuni yenye leseni au inapenya? Cha pili, anayepokea anaaminishwa kwamba wewe ni nani na uko wapi? Nchi ya namba yenyewe inakuja baadaye sana.

SWALI: Habari kaka. Mi nauza dagaa jumla pale Mwaloni Kirumba, wateja wangu wengi wako Kisumu na Busia wanalalamika kunipigia inakula salio sana. Kuna kijana kaniambia naweza kupata namba ya Kenya ya 254 nikaiweka kwenye simu yangu hiihii kwa programu, mteja anapiga kama anampigia Mkenya mwenzake alafu mi napokea kwa bando. Nimeipenda hiyo ila naogopa kuja kukamatwa. Inaruhusiwa? *Mama Dagaa, Kirumba*

JIBU: Dada yangu, inaruhusiwa, ila siyo kwa kila anayekuuzia.

Namba za dunia nzima zinafuata mpango mmoja unaosimamiwa na ITU, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Kila nchi ina tarakimu zake za mwanzo, sisi 255, Kenya 254, Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257, Kongo ya Kinshasa 243, na namba nzima haitakiwi kuzidi tarakimu 15. Zile za 254 zinagawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa kampuni zenye leseni ya huko, na kampuni ndo inakupa wewe mteja. Sasa hapo uelewe kitu ambacho kijana wako hakukwambia: hiyo namba hata ikilia Kirumba katikati ya magunia bado inaendeshwa kwa sheria za Kenya. Wewe na simu yako na bando lako mko chini ya sheria za Tanzania. Unabeba zote mbili kwa pamoja.

Upande wa Tanzania nimeshakujibu hapo juu, wewe ni mtumiaji, huna kosa. Upande wa Kenya swali ni moja tu, umeipataje? Kampuni ya kweli itakuuliza we ni nani, itataka paspoti au cheti cha biashara, na nchi nyingine zinaenda mbali zaidi ya hapo, mfano Ujerumani ukitaka namba ya mji fulani, tuseme ya Berlin, wanataka uwe na anwani kwenye eneo hilohilo. Usichukie ukiulizwa maswali, furahi, maana namba inayoulizwa maswali ndo namba yenye mwenyewe. Wa kumkimbia ni yule anayesema tuma hela nakuletea namba jioni hii hii huna haja ya kitambulisho. Mara nyingi anachokuuzia ni laini ya kawaida iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine huko Isebania au Migori, na Kenya wana kanuni za usajili wa laini kama sisi, mgeni naye anasajili kwa kitambulisho chake mwenyewe, mfano paspoti. Siku yule mwenye jina akiitwa polisi kwa jambo lake lingine kabisa, namba yako ya biashara inaondoka na yeye, na wewe unaanza kuulizwa ulikuwa nani kwake.

Alafu uulize na hili: ukipiga wewe, mteja wa Kisumu anaona namba gani? Ikiwa kampuni iliyokupa hiyo 254 ndo inayoitoa simu yako kwenye mtandao wa Kenya na inaonyesha namba uliyopewa kihalali, sawa. Ila kuna programu zinakuacha uandike namba yoyote unayotaka ionekane, hata ya benki, hata ya mtu mwingine. Hiyo usiiguse, hata kwa kujaribu. Marekani wana sheria yake kabisa, iliyopita mwaka 2010, kuonyesha namba ya uongo kwa nia ya kutapeli au kumdhuru mtu ni kosa, na tangu Juni 2021 kampuni zao kubwa zinatakiwa kuihakiki kila simu ya intaneti kama kweli inatoka kwenye namba inayojitaja. Dunia inaelekea huko.

Sasa nikushauri kama ndugu. Kabla hujalipia namba ya kila mwezi, waulize wateja wako wangapi wana WhatsApp. Dagaa wanauzwa kwa picha siku hizi, mteja anataka kuona mzigo umekaukaje, na simu ya WhatsApp toka Kisumu inakula bando tu bila kujali mpaka. Namba yako ya 255 inatosha, na inamwambia mteja ukweli kwamba mzigo uko Mwanza, ambako ndo anataka utoke. Hiyo 254 ibaki kwa wale wenye simu za batani. Na najua kwa nini wanalalamika: Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana kushusha bei za simu kati yao kuanzia 2014 na 2015, sisi hatukuwemo mwanzoni, kwaiyo mtu wa Kisumu alizoea kumpigia mtu wa Kampala kwa nafuu kuliko wewe uliye ng'ambo ya maji tu. Inauma lakini ndo ilivyokuwa.

SWALI: Samahani kaka naomba unieleweshe. Mama yangu mdogo yuko Uingereza, anatupigia kila jumapili kwa programu moja ya bei rahisi sana, lakini namba inayotokea kwetu ni ya hapahapa Tanzania, 06 au 07, na kila wiki ni nyingine. Tukipiga ile namba haipatikani, siku moja alipokea mtu tusiyemjua akatutukana. Je mama mdogo kaibiwa simu? *Wa Nyegezi*

JIBU: Hajaibiwa, na yeye hajafanya kosa, analipia huduma ambayo ndani yake hajui kinachofanyika. Ila wewe umeona kwa macho yako kitu ambacho watu wengi hawakijui kwaiyo ntakieleza vizuri, maana swali linalofuata linategemea hili.

Simu halali toka nje inaenda hivi. Mama mdogo anapiga, kampuni ya Uingereza inaipeleka mpaka kwa kampuni ya simu ya hapa, kampuni ya hapa inadai malipo kwa kila dakika kwa sababu imeifikisha simu kwako, na kwenye hayo malipo kuna sehemu inaenda serikalini. Ndo maana simu za kimataifa ni ghali. Wajanja wakaona waruke hicho kipengele. Wanaichukua simu kule nje, wanaipitisha kwenye intaneti mpaka Tanzania, huku kuna kifaa kimejaa laini za kawaida, kifaa kinachukua laini moja kinakupigia wewe kama vile mtu wa Nyegezi anampigia mtu wa Igoma, kwa dakika za bando la kawaida. Wewe unaona 07. Tofauti ya bei wanaweka mfukoni. Kifaa chenyewe ni simboksi, na TCRA, ile mamlaka yetu ya mawasiliano, wanaita uchepushaji wa simu za kimataifa. Ni kama sangara anayevushwa kwa njia za panya, samaki ni yuleyule ila ushuru haukulipwa.

Namba zinabadilika kila wiki kwa sababu zinakamatwa na kufungwa. Tangu 2013 kuna mtambo wa TCRA unaofuatilia simu zinazoingia nchini, na laini inayopiga mamia ya simu mfululizo, haipokei hata moja, haitembei kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, inajitaja yenyewe kwamba haina mtu nyuma yake. Na yule aliyewatukana inawezekana kabisa ni mtu aliyeipata ile laini baadaye, kachoka kupigiwa na watu asiowajua.

Mwambie mama mdogo abadilishe, atumie WhatsApp au huduma inayoonyesha namba yake ya kweli ya 44. Siyo kwa ajili ya serikali tu, ni kwa ajili yenu pia. Usiku wa manane akipiga kuwaambia kuna msiba au mtu kaumwa, mtaijuaje ni yeye, kama namba ni ya mtu msiyemjua?

SWALI: Oya bro vipi, mi ni kijana nimepanga Buzuruga. Kuna jamaa kanifata anataka aweke mtambo wake chumbani kwangu, ni boksi flani lina antena nyingi, anasema ni la kampuni yao ya intaneti ya nje, mi kazi yangu umeme usikate na waifai iwepo, kila mwezi ananipa hela nzuri yani inazidi kodi yangu. Pia anataka nimsaidie kusajili laini kama ishirini ivi, nitafute na washkaji wenye vitambulisho vya NIDA kila mmoja anapewa chake. Nimemwambia nafikiria. Kuna noma? *Kijana wa Buzuruga*

JIBU: Mdogo wangu, kuna noma kubwa kuliko unavyofikiria, na nimefurahi sana umeandika kabla hujamkubalia. Soma jibu la hapo juu mara mbili. Hilo boksi lenye antena nyingi ndo simboksi. Kila antena ni laini, kila laini ni jina la mtu, na chumba ni chako.

Fikiria mwenyewe kwa nini kampuni ya intaneti ya nje, yenye hela ya kukulipa kuliko kodi yako, iache kupanga ofisi ya kawaida mjini ije kuweka mtambo wake kwenye chumba cha kijana Buzuruga. Wanachonunua kwako siyo umeme. Wananunua mtu wa kukamatwa. Mwenye mtambo yuko mbali, pengine hata nchini hayupo, anauendesha kwa intaneti, na polisi wakifuata mnara mpaka mlangoni wanakukuta wewe, mkataba wa chumba wako, laini za washkaji zako, waifai yako. Kesi za hivi zimefika Mahakama ya Kisutu kule Dar zaidi ya mara moja, na mashtaka yake siyo ya kulipa faini ukaondoka. Ni kuendesha mitambo ya mawasiliano bila leseni, kuingiza na kutumia vifaa visivyoidhinishwa, kusababisha hasara, na watu wameshitakiwa kama wahujumu uchumi wakakaa mahabusu muda mrefu wakisubiri upelelezi ukamilike. Sitaki mama yako awe anapanda daladala kila wiki kukuletea chakula gerezani Butimba kwa sababu ya boksi la mtu usiyemjua hata jina lake la kweli.

Na hizo laini. Toka Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwaiyo leo laini ni wewe, ni kidole chako. Rafiki yako anayekupa kidole chake kwa hela ya chipsi hajui kwamba kampa mtu asiyemjua kitambulisho chake kitumike usiku na mchana. Mtu wa simboksi akimaliza na laini, inauzwa kwa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na jina linalotokea kwenye muamala ni la rafiki yako.

Kwaiyo fanya hivi. Mwambie hapana, usimpe sababu ndefu, usimtishie. Kama tayari kuna laini yoyote ulimsajilia, au siku moja ulisajili kwa wakala wa barabarani akakwambia kidole hakijasoma weka tena, na tena, na tena, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako kwa mtandao huo. Rudia kwa kila mtandao unaoutumia. Usiyoitambua nenda dukani kwa kampuni husika, siyo kwa wakala wa mwavuli, na kitambulisho chako, ukatae kwamba siyo yako, waiondoe. Na huyo jamaa ukiona anaenda kwa kijana mwingine mtaani kwenu, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na kituo cha polisi kipo. Kumwokoa mwenzako siyo umbea.

Wengine mtaniuliza, je na mimi nikitumia kifaa changu cha kuunganisha simu ya ofisi na intaneti? Kifaa kinachopokea simu za ofisi yako mwenyewe na kuzigawa kwa mapokezi na kwa mhasibu ni jambo jingine kabisa, hoteli nyingi zinafanya hivyo. Mstari unavukwa pale unapochukua simu za watu wengine toka nje na kuzimwaga kwenye laini za ndani kwa malipo.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi, nafanya biashara ya mabondo ya sangara. Kuna mnunuzi kanitafuta kwa WhatsApp namba yake ya Hong Kong inaanza 852, anataka nimtumie sampuli kilo kadhaa kwanza alafu tuingie mkataba. Namba ya Hong Kong inanipa imani kwa sababu huko ndo soko. Niko sahihi? *Mzee wa Mabondo, Igombe*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hong Kong ni soko la kweli, hilo uko sahihi, na ndo maana tapeli mwenye akili atachagua 852 na siyo nyingine. Namba ya 852 inakwambia ilitolewa kwa utaratibu wa Hong Kong, haikwambii mwenye nayo kakaa wapi. Anaweza kuwa Hong Kong, anaweza kuwa Nairobi, anaweza kuwa hapo Pasiansi anakuona ukipita. Kama vile mama dagaa wa Kirumba anavyoweza kuwa na 254 kihalali kabisa akiwa kwake, na huyu naye anaweza, na kuwa nayo siyo kosa. Hata tarakimu zenyewe zinachanganya watu: +1 siyo Marekani peke yake, ni Kanada pia, ni Jamaika, ni Bahama, na +7 ni Urusi na Kazakistani.

Mabondo ndo sehemu ya sangara yenye bei kuliko zote na wewe unalijua hilo kuliko mimi, kwaiyo hiyo "sampuli" ya kilo kadhaa ni mtaji wa mtu. Muombe jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili, Hong Kong wana msajili wa makampuni ambaye orodha yake inatafutika kwenye intaneti, mpe kijana wako akusaidie kuangalia. Mpigie kwa video mchana wa kwake, yeye yuko mbele yetu kwa masaa matano, muombe akuonyeshe ghala. Mnunuzi wa kweli hachukii hilo, naye ana hela anaogopa kuibiwa. Alafu malipo yapite benki, na sampuli ilipiwe. Akikataa kulipia sampuli huku anataka mkataba wa mamilioni, mwache aende. Na ukisikia kwamba mzigo umeshikwa forodhani kwahiyo tuma hela kidogo ya kuukomboa, hapo usijibu tena.

SWALI: Mambo. Nauza mikoba na manukato mtandaoni, nimeweka namba ya Marekani kwenye WhatsApp yangu ya biashara kwa programu ya bure, wateja wakiona +1 wanajua mzigo unatoka moja kwa moja majuu, mauzo yamepanda sana. Mzigo mi nautoa Kariakoo. Naambiwa naweza kufungwa, kweli? *Dada wa Mikoba, Makoroboi*

JIBU: Dada, namba haina kosa. Kosa linaanzia pale unapoitumia imwambie mteja kitu ambacho siyo kweli ili akupe hela. Mteja analipa bei ya Marekani, anapata mzigo wa Kariakoo, na wewe ulijua atadhani hivyo, umeandika mwenyewe. Huo ni udanganyifu, na kwa kuwa umefanyika kwa simu na intaneti Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaingia, haijali namba ni ya nchi gani. Mzigo wa Kariakoo siyo aibu, nusu ya Mwanza inavaa Kariakoo. Andika ukweli kwenye wasifu wako leo leo.

Na hata ungekuwa na roho ngumu, hiyo programu ya bure itakuumiza. Namba za bure ni za kuazima, usipoitumia muda fulani wanaichukua wanampa mwingine, naye akiiandikisha WhatsApp anatumiwa namba za kuthibitisha yeye, siyo wewe. Wateja wote, mazungumzo yote, kwaheri. Wapo waliokuwa na namba za Skype za Uingereza na Marekani kwa miaka mingi wanazilipia kabisa, Mei 2025 Skype ikafungwa, ikabidi waanze upya kuwatafuta watu wao. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba bila kupoteza akaunti, hamia kwenye laini yako mwenyewe ya 255, alafu washa uthibitisho wa hatua mbili uweke tarakimu zako sita. Na usije ukaunganisha namba ya kuazima na kitu chochote cha hela.

SWALI: Mwanangu hujambo. Binti yangu anafanya kazi za ndani Dubai, tulikuwa tunaongea WhatsApp alipokuwa huku lakini kule simu haitoki, ujumbe tu ndo unafika. Mwenzake kamwambia aweke VPN. Mimi sijui hayo mambo ila naogopa asije akapata matatizo na huko ni ugenini. *Mama wa Nansio, Ukerewe*

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Umeogopa mahali panapostahili kuogopwa. Kule Falme za Kiarabu simu za intaneti zinaruhusiwa kwa programu zilizopewa kibali tu, na simu za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi, ndo maana ujumbe unafika na sauti haitoki. Kuhusu VPN, ile programu ya kuficha simu yako inatumia intaneti toka wapi, sheria yao ya 2021 inamgusa mtu anayeficha anwani yake ya intaneti ili afanye kosa au afiche kosa, na faini inaanzia dirhamu 500,000. Hela hiyo binti wa kazi za ndani hawezi kuilipa maisha yake yote. Siyo kwamba kila mwenye VPN kule anakamatwa, lakini akigombana na mwajiri wake siku moja, simu yake ikikaguliwa, asiwe na kitu cha kushikiwa.

Mwambie aweke BOTIM, ni programu iliyoruhusiwa kule, na Watanzania wengi walioko huko wanaitumia. Wewe nawe kijana wa jirani akuwekee hiyohiyo kwenye simu yako, mtaongea. Siku mtandao ukisumbua hapo Nansio, muandikiane, na atume ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, huo unafika vizuri na utaisikia sauti yake. Na huku kwetu pia VPN ina utaratibu wake, Oktoba 2023 TCRA walitangaza wanaoitumia kwa shughuli zao wajisajili, kwahiyo usimruhusu mtu akuwekee kwenye simu yako bila kukueleza ni ya nini.

Mama nikuombe jambo jingine, liko nje kidogo ya swali. Binti akuandikie jina la mwajiri, mtaa, na namba ya ubalozi wetu, uviweke kwenye daftari la karatasi. Simu inapotea.

SWALI: Tunavua upande wa Mara karibu na maji ya Kenya, usiku simu inajishika mtandao wa Kenya yenyewe, ujumbe unaingia karibu Kenya na salio linaisha. Tunahesabiwa tunatumia simu ya nje bila kibali? *Mvuvi, Shirati*

JIBU: Hapana kaka, mawimbi ya mnara hayajui mpaka uko wapi, na laini ni yako imesajiliwa kwako, huna kosa lolote. Kinachokula salio ni romingi, yaani laini yako kutumia mtandao wa nchi nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima romingi ya data, alafu sehemu ya kuchagua mtandao toa ile ya kujichagulia uweke mtandao wako wewe mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba ukiwa mbali sana na minara yetu simu inaweza isishike kabisa, kwaiyo mkiwa wawili kwenye mtumbwi mmoja aache yake kama ilivyo na salio kidogo ndani, kwa ajili ya kuita msaada hali ya ziwa ikichafuka. Ila mshike pia kwamba 112 ukiipiga ukiwa umeshika mnara wa Kenya itapokelewa Kenya, kwaiyo muwe na namba za kawaida za watu wa mwaloni wenu, mziandike kuanzia na +255, maana 07 tupu ukiwa kwenye mtandao wa Kenya inaweza kukupeleka kwa Mkenya.